Viazi vya Kinangop, Jaa la Dandora: Rutuba Yetu Inakwenda Wapi?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya wakazi, wakulima wa kando ya mto, mama mboga, walimu na wanafunzi waliokusanyika katika ukumbi wa jamii huku Eastlands, Nairobi. Waliokosa kufika wameomba waisome. Naiweka nzima kama nilivyoisema, ila picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, akina mama, walimu wenzangu, vijana, na nyinyi wanafunzi mlioketi chini hapa mbele: hamjambo? Asanteni kwa kuja.

Leo kabla hakujapambazuka, malori yameshusha mzigo Marikiti, soko letu kubwa la mboga. Viazi vya Kinangop. Nyanya za Kirinyaga. Ndizi za Meru. Kabeji, karoti, mahindi mabichi. Kufikia saa nne mzigo ule ulikuwa umeshagawanywa, umefika Gikomba, umefika Kayole, umefika kwa mama mboga wa mlangoni pako. Na yale malori? Yamerudi mashambani matupu. Kesho yatakuja yamejaa, na yatarudi matupu. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Swali langu ni hili: kinachoingia mjini kinakwenda wapi?

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na najua silabasi inavyolijibu swali hilo. Kuna mshale kutoka kwa jua kwenda kwa nyasi, mwingine kutoka kwa nyasi kwenda kwa swala, mwingine kwenda kwa simba. Mwanafunzi anaichora, anapata alama zake, anafunga kitabu. Leo nataka tuitoe mishale ile kitabuni, tuipeleke Marikiti, tuipeleke mtoni, tuipeleke Dandora. Kwa sababu ndani ya kila kiazi kilichoshuka leo mlikuwa na vitu viwili vyenye safari tofauti kabisa. Kuna nishati, yaani nguvu ya jua iliyofungwa ndani ya wanga. Na kuna maada yenyewe: kaboni, maji, naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Nishati hupita mara moja, ikaenda. Maada huzunguka, ikiachwa izunguke.

Tuanze na nishati, maana habari yake ni fupi.

Mbuga yetu ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117. Ukiingia utaona nyasi kila upande. Utaona pundamilia na nyati kwa makundi. Simba je? Unaweza kuzunguka kutwa nzima usimwone hata mmoja. Kwa nini? Wengine wamejificha, ni kweli. Lakini sababu kubwa ni hesabu. Kati ya nguvu yote ya jua inayoiangukia mbuga ile, nyasi hushika kiasi kidogo sana, asilimia moja au chini yake. Pundamilia akila nyasi, sehemu kubwa ya alichokula huteketea ndani ya mwili wake ili apate joto, apumue, akimbie. Nyingine hutoka kama kinyesi. Kinachobaki kikawa nyama ya pundamilia ni kidogo. Wanasayansi hukadiria kwamba kutoka ngazi moja hadi nyingine hupita sehemu moja kati ya kumi, na kwa wanyama wenye damu moto hata hiyo moja ni nyingi. Basi ukipanda ngazi mbili, kutoka kwa nyasi hadi kwa simba, umebaki na nini? Sehemu moja kati ya mia, au pungufu. Simba hawezi kuwa wengi. Hata umpe ulinzi wa namna gani, hawezi kuwazidi pundamilia, na pundamilia hawawezi kuzizidi nyasi.

Aliyetufundisha kuhesabu hivi ni kijana. Aliitwa Raymond Lindeman, Mmarekani wa jimbo la Minnesota. Alikitafiti kiziwa kimoja kidogo chenye matope, Cedar Bog Lake, akishirikiana na mkewe Eleanor. Waliwahesabu mimea, wadudu, samaki, na vijidudu vya kwenye tope. Wengine walipoorodhesha aina za viumbe, yeye aliuliza: ni nishati kiasi gani inapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule? Wakaguzi wa jarida waliikataa makala yake mwanzoni. Waliona nadharia imezidi ushahidi. Baadaye ilikubaliwa, ikachapishwa mwaka 1942. Lindeman hakuiona. Alikuwa amefariki mwezi Juni mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 26. Wanafunzi, nawaambia nyinyi hasa: msidhani mnapaswa kungoja mvi ndipo muulize swali kubwa.

Ndugu zangu, nishati iliyotumika imetumika. Joto lililotoka mwilini mwa pundamilia limekwenda angani. Hakuna fisi, hakuna mdudu, hakuna mtambo utakaolirudisha liwe nyasi tena. Ndiyo maana lazima jua lichomoze kesho, na kesho kutwa. Hilo tumepewa bure, na silo linaloninyima usingizi.

Maada ndiyo inayoninyima usingizi.

Karibu miaka mia nne iliyopita kulikuwa na daktari huko Brussels, Jan Baptista van Helmont. Alichukua udongo mkavu wa ratili 200, karibu kilo 90 kwa vipimo vyetu, akautia katika chungu kikubwa. Akapanda humo mche wenye uzito wa ratili 5. Akaufunika mdomo wa chungu ili vumbi lisiingie, akawa anamwagilia maji tu. Miaka 5. Kisha akaung'oa ule mti akaupima: ratili 169. Akaukausha udongo, akaupima: umepungua aunsi 2 tu. Gramu 57 hivi.

Nani ataniambia ule mti ulitoka wapi?

(Vijana wengi ukumbini walijibu: udongoni. Mzee mmoja akasema: majini.)

Mzee amejibu kama alivyojibu van Helmont mwenyewe. Vijana, udongo haukupungua, mmesikia? Na mzee wangu, maji yamo, lakini sehemu kubwa ya mti mkavu imetoka mahali ambapo hakuna aliyepatazama: hewani. Kaboni dayoksaidi ni sehemu 4 tu hivi katika kila sehemu 10,000 za hewa, lakini ndiyo iliyojenga mti huo, na ndiyo iliyojenga msitu wa Karura, na ndiyo iliyojenga ugali wako wa jana. Ukila ugali, ukaitumia nguvu yake, unaitoa kaboni ile kwa pumzi. Inarudi hewani, upepo unaichukua, huenda ikafika Kinangop ikaingia kwenye jani la kiazi. Haikulipa nauli. Maji nayo hurudi kama mvua. Hizo duara zinajizungusha zenyewe.

Lakini nawaomba mziangalie zile gramu 57. Zinaonekana kidogo, sivyo? Humo ndimo mlimo fosforasi, potasiamu, kalisi, magnesi, chuma. Bila hizo gramu chache mti haukui hata shubiri moja, uwe na jua, uwe na hewa, uwe na mto mzima wa maji.

Sasa tupige hesabu ya gunia moja la viazi, lile la kilo 50. Ndani yake mna takriban gramu 200 za potasiamu, gramu 150 hivi za naitrojeni, na gramu 25 hadi 30 za fosforasi. Vyote hivyo vimenyonywa kutoka kwenye shamba la mtu. Mkulima anauza gunia, analipwa pesa ya viazi. Rutuba iliyomo hailipwi na hairudi. Msimu huu, msimu ujao, na ule mwingine. Shamba linakuwa kama akaunti ya chama ambayo kila mwanachama anatoa na hakuna anayeweka.

Naitrojeni ina mlango wake wa nyuma. Hewa tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharagwe na kunde wanaweza. Wanaikamata na kuifunga iwe chakula cha mmea. Akina nyanya wetu waliopanda mahindi na maharagwe shimo moja hawakuwa wanaokoa nafasi tu. Walikuwa wanairudishia ardhi kitu. Kila sahani ya githeri ina naitrojeni iliyotoka mbinguni kwa mkono wa bakteria. Mimi kila nikilifikiria jambo hilo hunistaajabisha upya.

Fosforasi haina mlango huo. Haipai hewani. Ikitoka shambani imetoka. Njia ya kuirudisha ni samadi, mboji, au mwamba. Jirani zetu Tanzania wana mwamba kama huo pale Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Na mwamba ule ulitokana na nini? Na kinyesi na mabaki ya ndege waliokuwa wakila samaki wa ziwa la kale. Samaki wakaliwa na ndege, ndege wakaacha mavi na mifupa, vikawa jiwe, na leo jiwe linasagwa kuwa mbolea. Sisi hatuna muda wa kungoja ndege maelfu ya miaka. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000, wakulima wangapi walipanda bila mbolea? Wengine wako humu ukumbini.

Na wakati ule ule tulikuwa tukizika rutuba hiyo hiyo Dandora.

Sasa nataka tuone namna maada inavyosafiri pasipo mkono wetu. Twendeni mto Mara. Kila mwaka nyumbu wanapovuka, wengine huzama. Watafiti waliohesabu walikadiria kwamba kwa wastani mizoga zaidi ya 6,000 hubaki mtoni kwa mwaka, zaidi ya tani 1,000 za nyama na mifupa. Hebu jiulize: tani elfu moja za mizoga zikitupwa kwenye mto wetu wa Nairobi, itakuwaje? Lakini Mara haufi. Mamba wanakula. Tumbusi na korongo wanakula, kisha wanaruka kwenda kunya mbali, na kwa namna hiyo rutuba ya mto inarudi nchi kavu. Samaki wanakula. Mafunza wanakula. Mifupa inabaki chini ya maji, inamung'unyika polepole kwa miaka kama 7, ikiachia fosforasi yake kidogo kidogo. Juu ya hayo, viboko wanalisha nchi kavu usiku na kuja kunya mtoni mchana, maelfu ya kilo kila siku. Kila kitu kina mlaji wake, na kila mlaji ana wakati wake.

Na mlaji mmoja akiondolewa? Hapa nitakaa kidogo, maana sehemu ya kisa hiki ilitokea mlangoni petu na watoto wetu hawaambiwi.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki. Uliua ng'ombe wa Wamaasai na wa wafugaji wengine hadi watu wakafa njaa. Uliua nyati, uliua nyumbu. Na haukuondoka, kwa miongo mingi ulizidi kuua ndama wa nyumbu kule Serengeti. Sasa, pale Muguga, mwendo mfupi kutoka hapa ukielekea Naivasha, kulikuwa na maabara ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki. Walter Plowright na wenzake walitengeneza hapo chanjo ya sotoka iliyo salama na rahisi kuzalisha. Ng'ombe walichanjwa. Nani aliyemchanja nyumbu? Hakuna. Lakini ng'ombe walipoacha kuugua, nyumbu nao waliacha kuambukizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa robo milioni hivi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja na laki mbili.

Sikilizeni kilichofuata. Nyumbu hao walizila nyasi ambazo awali zilikuwa zikikauka na kuungua. Moto ukapungua. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kurefuka. Kaboni iliyokuwa ikipaa kila kiangazi kama moshi ikaanza kukaa: kwenye mashina, kwenye mizizi, kwenye udongo. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti! Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Ukipita Muguga na mtoto wako, mwonyeshe, umwambie.

Basi turudi nyumbani.

Mnalijua Nairobi Dam, pale kando ya Kibera? Lilijengwa miaka ya 1950 liwe akiba ya maji ya jiji. Watu waliendesha mashua za tanga pale, wazee watanithibitishia. Leo ukisimama ukingoni utaona nini? Kijani kitupu. Gugu maji, mmea uliotoka Amerika Kusini, ulilifunika. Tunasema gugu maji limeua bwawa. Nani aliyelilisha? Ni naitrojeni na fosforasi ya maji taka na takataka zilizoteremka kwa mto. Ni ile rutuba ya gunia la viazi, rutuba ya Kinangop, imefika mahali pasipo mkulima. Gugu likanenepa. Likifa linaoza, na viozeshaji, yaani bakteria na kuvu wanaoliozesha, hutumia oksijeni ya maji mpaka samaki hawana cha kupumua. Rutuba ile ile ambayo shambani ingekuwa baraka.

Inayobaki hupelekwa Dandora. Jaa lile limekuwapo tangu miaka ya 1970. Zaidi ya nusu ya takataka za jiji hili ni vitu vya kuoza: maganda, majani ya kabeji, mabaki ya hoteli. Vikirundikwa na kukosa hewa vinatoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia. Vikishika moto vinatoa moshi. Lakini jambo linaloniuma zaidi ni tunavyovichanganya. Ganda la kiazi na betri iliyokufa katika mfuko mmoja.

Nilisema maada haipotei. Hiyo ni neema kwa fosforasi, na ni msiba kwa madini ya risasi. Huwezi kuichoma risasi ikaisha. Utaitoa kwenye betri uiweke kwenye moshi, kutoka kwa moshi iende kwenye udongo, kutoka kwa udongo iende mkononi mwa mtoto anayecheza. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofika au kupita kile kilichohesabiwa wakati ule kuwa hatari. Nusu ya watoto. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Wako humu walimu wanaowafundisha watoto wa watoto wale.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mwalimu, tugeuze taka za Dandora ziwe mbolea," namjibu: siyo zikishafika Dandora. Zikishachanganyika, mboji yake itabeba sumu hadi kwenye sukuma wiki. Kazi inafanyika kabla, jikoni kwako, ukiwa na kisu mkononi na ganda la kiazi bado ni safi. Ndoo moja ya vinavyooza. Nyingine ya visivyooza. Betri na balbu zikae mbali na zote mbili.

Na vinavyooza viende wapi? Kasarani kuna kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, mwana wa nchi hii aliyeamini kwamba mdudu ni mwenzetu wa kazi. Watafiti wake wameonyesha jinsi mabuu ya nzi fulani mweusi, asiyesumbua watu, yanavyokula mabaki ya jikoni na ya sokoni na kunenepa kwa wiki mbili hivi. Mabuu yanakuwa chakula cha kuku na samaki. Kinachobaki ni mbolea. Huko Mukuru kuna vyoo ambavyo kinyesi chake hukusanywa na kupitishwa kwa mabuu hayo hayo, kikarudi shambani. Wengine humu wanatengeneza mboji nyuma ya ploti kwa majani makavu, samadi ya mbuzi na subira. Zote ni njia halali. Na kama lori linarudi Kinangop tupu, kwa nini lisirudi na mboji? Gharama ya kurudi imeshalipwa.

Wengi mtaniuliza: nikitenganisha nyumbani, si gari la taka litavichanganya tena? Swali hilo ni la haki. Mama mmoja aliniuliza mlangoni kabla hatujaanza. Jibu liko katika sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza na zisizooza, na inazipa kaunti wajibu wa kuweka vituo vya kuzipokea na kuzichambua. Haikuandikwa kama ombi. Imeandikwa kama wajibu. Basi tuna haki ya kuuliza: kituo cha wadi yetu kiko wapi? Gari la vinavyooza linapita siku gani?

Barua yenye maswali hayo mawili iko pale mezani karibu na mlango. Imeandikwa kwa mwakilishi wetu wa wadi na kwa idara ya mazingira ya kaunti. Isomeni kwanza, mkikubaliana nayo, tieni sahihi na mwandike jina la ploti yenu. Ploti ambazo ziko tayari kuanza ndoo mbili wiki hii, katibu anaziorodhesha kando, na vijana wa kikundi cha mboji watapita Jumatano jioni kuchukua ya kwanza. Sasa nisikilize nyinyi. Mzee wangu wa majini, anza wewe.